Kutoka Hurley hadi Port Ewen

Jumamosi nilikwenda Hurley, kijiji kidogo jimboni New York, karibu na mji wa Kingston. Waholanzi walikianzisha mwaka 1661 wakakiita Nieuw Dorp, kijiji kipya. Waingereza walilitwaa koloni lote mwaka 1664, lakini Kiholanzi hakikuhama. Kilibaki jikoni na kanisani zaidi ya miaka mia. Nyumba za mawe bado zimejipanga kando ya barabara, fupi, kuta nene, nazo zinakaliwa na watu. Nilizipenda, sitaficha.

Ila nilichokifuata hasa kipo Port Ewen, mwendo mfupi kwa gari. Ni sanamu ya shaba ya msichana mdogo, peku, kabeba magudulia mawili. Ukizunguka nyuma unaona makovu ya mijeledi mgongoni. Nilisimama hapo nyuma muda mrefu kuliko mbele.

Huyo ni Isabella, aliyekuja kujiita Sojourner Truth, mpigania uhuru wa watumwa na haki za wanawake. Alizaliwa mtumwa wa Waholanzi wilaya hii hii ya Ulster, mwishoni mwa karne ya 18, na lugha aliyonyonya kwa mamaye ilikuwa Kiholanzi. Alipofika miaka kama tisa akauzwa, pamoja na kondoo, kwa dola 100, kwa watu waliojua Kiingereza tu. Alisimulia mwenyewe: akitumwa kikaango, huenda akaleta kulabu za kutundikia vyungu. Bibi mwenye nyumba anawaka. Jumapili moja bwana akamchapa kwa fimbo zilizofungwa pamoja mpaka damu ikachuruzika.

Mimi nimesoma shule ambayo ukisikika ukiongea Kiswahili siku ya Kiingereza unavishwa kibao shingoni. Hayo na ya Isabella hayapimwi kwa mzani mmoja, najua. Lakini ile hofu ya mtoto anayeambiwa neno asilolijua, huku mtu mzima anangoja, hiyo naijua tumboni.

Mwaka 1826 Isabella alitoroka na mtoto wake mchanga. Mwaka 1828, hapo Kingston, alishinda kesi na kumrudisha mwanawe Peter, aliyekuwa ameuzwa Alabama kinyume cha sheria. Mwanamke mweusi, hajui kusoma, dhidi ya mzungu!

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Mwaka 1851 alihutubia Akron, Ohio, kuhusu haki za wanawake. Miaka 12 baadaye mtu mwingine akaichapisha hotuba hiyo kwa lafudhi ya watumwa wa kusini, na hiyo ndiyo iliyoenea. Sojourner hakukulia kusini. Kiingereza chake kilikuwa na Kiholanzi ndani, cha bonde hili, cha jiko la mama yake. Alichapwa kwa ajili ya lugha hiyo, kisha wakamfutia hiyo hiyo kwenye karatasi.

Natamani ningemsikia, hata sentensi moja tu, vile alivyoitamka.