Pall Mall, Shambani kwa Sajini York

Nje ya jengo la Bunge la jimbo la Tennessee, mjini Nashville, kuna sanamu ya askari aliyeinua bunduki na kulenga shabaha. Askari huyo ni Alvin York, na sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1968, miaka 4 baada ya kifo chake. Nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kujua kwamba aliyechongwa pale alikuwa mkulima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na akarudi kuwa mkulima baada ya vita, wala kwamba kazi iliyomtia hasara kuliko zote ilikuwa kujenga shule ya sekondari katika mji mdogo wa Jamestown. Kwa kuwa nami ualimu ndio uliokuwa kazi yangu kabla sijahamia Marekani, niliona inanipasa niende nikaone.

Kutoka Nashville barabara kuu ya 40 inaelekea mashariki, na baada ya kuupita mji wa Cookeville gari linaanza kupanda mpaka kufika uwanda wa juu wa Cumberland. Huko niliiacha barabara kuu nikashika njia nyembamba ya Clarkrange hadi Jamestown, makao makuu ya kaunti ya Fentress, lakini sikusimama, kwa sababu nilitaka kwanza kufika Pall Mall, kijiji alikozaliwa York mwaka 1887. Barabara inayoelekea huko imepewa jina lake, na baada ya kona nyingi inateremkia bonde la mto Wolf, ambako misitu inaachana ghafla na kuonyesha mashamba ya nyasi na mahindi yaliyolala pande mbili za mto. Ardhi ni nzuri bondeni; kwenye miteremko ni mawe matupu, na mtu akiiona hashangai kwamba baba yake York, aliyekuwa na watoto 11, alichanganya kilimo na uhunzi na bado chakula hakikutosha. Katika maisha hayo kijana huyo alihudhuria shule kwa takriban miezi 9 tu, ukijumlisha vipindi vyote.

Nyumba aliyoishi baada ya vita ni ya mbao, nyeupe, ya ghorofa moja, na siku hizi pamoja na kinu chake cha kusagia nafaka ni sehemu ya hifadhi ya historia ya jimbo. Mwongoza wageni alianza, kama nilivyotarajia, na vita. York alikuwa muumini wa kanisa dogo lililokataza kuua, na mwaka 1917 alipoandikishwa aliomba asamehewe kupigana, ombi likakataliwa. Kambini, wakuu wake wawili walikaa naye na Biblia mkononi wakijadiliana aya kwa aya, kisha wakampa ruhusa ya kwenda nyumbani akafikiri, akarudi akiwa amekubali. Tarehe 8 Oktoba 1918, karibu na kijiji cha Châtel-Chéhéry katika msitu wa Argonne, Ufaransa, kikosi chake cha watu 17 kilishambuliwa kwa bunduki za rashasha. 6 waliuawa, kiongozi wao akajeruhiwa, na York, ambaye cheo chake wakati huo kilikuwa bado koplo, akaongoza waliobaki mpaka wakarudi na mateka 132 wa Kijerumani. Alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yake.

Hayo yanasimuliwa popote. Yaliyonifanya nikae zaidi pale barazani ni habari za shamba. Aliporudi mwaka 1919 makampuni yalimfuata na fedha nyingi ili atangaze bidhaa zao, naye akakataa kuifanyia biashara sare ya jeshi. Alichokubali ni shamba la takriban ekari 400, zawadi iliyotangazwa na klabu moja ya wafanyabiashara wa Nashville, ila lilikuwa limenunuliwa kwa malipo ya awamu ambayo michango haikuyamaliza. Bei za mazao zikaanguka baada ya vita, na shujaa wa taifa akajikuta anadaiwa kwa ardhi aliyoambiwa amepewa bure. Deni hilo lilikuja kulipwa, lakini nadhani mkulima yeyote anajua usingizi wa miaka kama hiyo ulivyo.

Akiwa katika hali hiyo ndipo alipoanza kuhutubia mijini kuchangisha fedha za shule. Hakutaka watoto wa milimani waishie alipoishia yeye. Serikali ya jimbo na kaunti zilikubali kuchangia, kisha ukazuka ugomvi mrefu na viongozi wa kaunti kuhusu mahali pa kujenga na nani awe na sauti, na jengo halikufunguliwa hadi mwaka 1929, yaani mwaka ule ule uchumi ulipoporomoka. York aliweka shamba lake rehani ili walimu walipwe na watoto wanaoishi mbali wapate mabasi. Mwaka 1937 jimbo liliichukua shule, na mpaka leo linaiendesha lenyewe, jambo lisilo la kawaida Marekani ambako sekondari za umma huwa chini ya wilaya za elimu. Filamu ya maisha yake, ya mwaka 1941, alikubali itengenezwe kwa kuwa alitaka fedha za kujenga shule ya Biblia kijijini. Fedha hizo zikamletea mgogoro wa kodi uliomalizika mwaka 1961, akiwa mgonjwa kitandani, kwa mchango wa wananchi uliolipa dola 25,000.

Wakati wa kurudi nilisimama Jamestown. Shule ina eneo kubwa na shamba lake, na nilipoona banda la mifugo nyuma ya madarasa nilikumbuka sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo sisi watoto wa Tanzania tuliijua zaidi kwa jembe kuliko kwa maandishi ya Mwalimu Nyerere. Katika mgahawa wa karibu mzee mmoja aliyesoma pale alinieleza kwamba enzi zake kukamua ng'ombe kulikuwa somo lenye mtihani, na aliyefeli alirudia mbele ya wenzake. Akaniuliza kama shule zetu zina mashamba. Nilimwambia kwamba Magu, mkoani Mwanza, nilikosoma msingi, tulilima pamba, tukaipeleka kwa chama cha ushirika, na fedha zikanunua chaki na mpira. Alitaka kujua tulikuwa tunapalilia mara ngapi kwa msimu, na mazungumzo ya magugu yakatuchukua mpaka mgahawa ukafungwa.