Siku moja nikiyafuata maji ndani ya Peugeot 504

Saa kumi na moja alfajiri

Mvua ilitangulia adhana. Mei ndio masika yenyewe hapa Mombasa, na bati letu la Majengo halikuniacha nilale. Akili ilikuwa uani kwa gereji, kwenye Peugeot 504 nyeupe ya mwaka 1980 aliyoileta jana jioni mzee mmoja wa mtaa wa Tudor. Kila ikinyesha, anasema, miguuni pa abiria wa mbele panafanya dimbwi. Nililiacha nje makusudi. Kabla ya kufunga nilikausha sakafu kwa taulo nikatandika magazeti, mvua ya usiku ije inionyeshe inapoingilia.

Saa moja asubuhi

Magazeti yote makavu. Kijana wangu wa mkono alifurahi: "Ami, limepona!" Nikamwambia gari haliponi kwa kulala. Afadhali hata ningekuta ndoo nzima ya maji, kwa sababu maji yakionekana yana pa kufuatwa.

Tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, huku namweleza swali la kwanza kabisa: je, haya ni maji ya mvua? Hita ya gari ina rejeta yake ndogo nyuma ya dashibodi, na ikitoboka humwaga papo hapo, miguuni pa abiria. Jana nilikamua kapeti nikakinga maji kwenye chupa. Nikampa ayasugue vidoleni. Maji ya rejeta yenye kulanti, dawa ya kupozea injini, huteleza kama yana mafuta, huwa na rangi na harufu tamu. Kuyaonja usithubutu, ile dawa ni sumu. Haya yalikuwa maji matupu yenye harufu ya vumbi. Basi ni mvua.

Saa mbili na nusu

Kiti cha mbele kikatoka, kapeti ikatoka. Chini ya kapeti kuna felti, tandiko nene linalonyonya maji, na felti ndiyo inayoua magari haya. Kapeti hukauka juu ukaona mambo yamekwisha, kumbe felti imeshikilia maji mwezi mzima juu ya bati. Tuliibeba watu wawili. Chini yake lami ya sakafu ilikuwa imebanduka upande mmoja, na kutu imeshaanza kutafuna. Hewa ya chumvi ya hapa haisubiri mtu.

Niliumia, nasema kweli. 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na baadaye ikawa inaunganishwa hapa hapa Mombasa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, kwenye matope na mashimo yetu haya. Gari lililovuka matope yale lisifie nyumbani kwa maji ya mvua.

Saa tatu

Fundi aliyetutangulia alikuwa amepaka silikoni kuzunguka kioo chote cha mbele. Mzee alilipa pesa nzuri kwa kazi ile. Silikoni juu ya mpira mkongwe wa kioo haizibi, inafunika tu. Maji yakipenya chini yake hayapati pa kutokea, yanakaa na bati. Tena ile ya bei rahisi, inayonuka siki ikiwa mbichi, hutoa asidi inapokauka, na asidi kwenye bati tupu ni kutu ya haraka. Kabla hujajua tundu liko wapi, usipake kitu chochote.

Saa tatu na nusu hadi saa sita

Hapa ndipo siku ilipokwenda. Nilikausha bati lote, nikalinyunyizia poda ya watoto kuanzia chini ya dashibodi hadi kizingiti cha mlango. Tone likipita juu ya poda huacha mstari, nawe unalifuata kurudi lilikotoka. Nikalala chali ndani na tochi, kijana nje na mpira wa maji.

Maji yatiririke polepole, bila kubana mdomo wa mpira, maana presha husukuma maji hata mahali ambapo mvua haifiki. Na unaanza chini ukipanda juu. Ukimwagia paa kwanza, kila kitu kitalowa na hutajua kosa ni la nani. Kila sehemu dakika kumi: kizingiti, mlango, chini ya boneti kwenye matundu ya waya, tundu la kuingizia hewa mbele ya kioo, kisha kioo chenyewe.

Mlangoni kijana alishtuka kusikia maji yakichuruzika ndani. Nikamwambia hayo ni ya kawaida, mlango umetengenezwa upokee maji yanayoteremka na kioo na kuyatoa kwa vitundu vya chini. La muhimu ni vitundu viwe wazi na karatasi ya nailoni nyuma ya ubao wa mlango iwe haijachanika. Vyote vilikuwa sawa. Kioo, ambacho nilikishuku tangu jana, nacho hakikutoa hata mstari mmoja. Paani pia tulimwaga. Poda nyeupe vile vile.

Saa saba na nusu

Baada ya swala na sahani ya wali wa nazi, nilimpigia mzee simu. Sikumuuliza gari, nilimuuliza nyumbani kwake.

"Mzee wangu, gari walilaza wapi?"

"Mbele ya nyumba, mwanangu. Pale panapoteremka kwenda baharini. Nalibana ukutani, chini ya mwarobaini."

"Pua imeelekea chini?"

"Chini. Na gurudumu la kushoto liko mtaroni."

Nilikata simu nikaita jeki.

Saa nane na robo

Tuliinua nyuma, tukainua na upande wa kulia, mpaka gari likakaa kama linavyokaa Tudor. 504 hii ina sanrufu, dirisha la paani linalofunguka, na watu wengi hudhani mpira wa sanrufu unazuia maji yote. Haukuwekwa kwa kazi hiyo. Maji hupita, yakaanguka kwenye sinia chini yake, yakatoka kwa mirija iliyo pembeni mwa sinia, inayoshuka ndani ya nguzo za gari hadi nje. Gari likikaa sawa, maji hujipatia mirija mingine. Likiinama, yote yanakimbilia pembe moja, mbele kushoto.

Nilimimina kikombe kimoja pembeni hapo. Nje chini halikutoka tone. Nikahesabu, na kwenye thelathini na kitu kijana akapiga kelele: "Ami, mstari!" Ulitokea nyuma ya dashibodi, chini ya nguzo, ukakata poda hadi sakafuni.

Saa tisa

Kompresa niliikataa. Upepo ukipigwa kwa nguvu huchomoa mrija ndani ya nguzo, na hapo utalazimika kuvua dari. Nilituma dukani mshipi mnene wa kuvulia samaki, nikauzungusha taratibu toka juu. Yakatoka majani ya mwarobaini yaliyooza, maua yake, na tope jeusi. Kichwa cha mrija, kwenye kona, kilikuwa kimepasuka kwa uzee. Maji yaliyozibwa chini yalipanda hadi ufa ule yakamwagikia ndani. Nilikata kipande kilichokufa, nikavuta kilichobaki na kukikaza kwa klipu.

Saa kumi na moja jioni

Mzee alifika na kanzu yake, akachuchumaa nyuma ya gurudumu la mbele huku namimina kikombe juu. Maji yakamtokea usoni kwake, membamba, safi. Akaniomba nimimine tena. Nikamimina mara nne.

Gari hakuondoka nalo. Felti itakaa juani siku mbili tatu, jua likipatikana, na kutu ya sakafu lazima isuguliwe na kupakwa dawa kabla kapeti haijarudi. Kioo cha mbele nitakitoa Jumatatu niikwangue ile silikoni yote.

Amekubali kuhamisha maegesho. Mwarobaini hataukata, aliupanda na marehemu mkewe. Nimempa kipande cha ule mshipi, nikamwonyesha pembe nne za sinia.