Kukodi mtumbwi Mtera maji yakiwa chini na mfuko ukiwa mwepesi

Kabla ya kuuliza bei ya mtumbwi wa kwenda kuvua kwa fimbo Mtera, uliza maji yamefika wapi. Nimekodi Mei bwawa likiwa limejaa, nimekodi Oktoba ukingo umerudi nyuma hadi unatembea kwenye tope lililokauka na kupasuka ndipo uone maji. Mara zote hesabu imeniambia jambo moja: mtumbwi wa bei ndogo ulioegeshwa mbali na samaki unakula pesa kuliko wa bei kubwa ulio jirani nao. Kwa hiyo mimi huchagua maji kwanza, mtumbwi baadaye.

Bwawa lenyewe liko karibu katikati ya barabara ya Dodoma na Iringa, na halikujengwa kwa ajili ya samaki. Linahifadhi maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, yazungushe mitambo ya Mtera ya megawati 80 kisha yateremke hadi Kidatu kwenye megawati 204. Likijaa, usawa wa maji ni mita 698.50 juu ya bahari, na mwisho wa kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu ingekuwa ndogo kwenye bwawa lenye kingo za kusimama. Mtera ni sahani. Maji yakishuka mita moja tu, ukingo unakimbia mbali, na mwalo, yaani mahali pa kuegesha mitumbwi, uliokuwa majini Juni unakuwa malisho ya ng'ombe Oktoba.

Mvua za huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Bwawa huanza kupanda Januari, hufika juu Aprili au Mei, halafu linashuka polepole hadi mvua nyingine. Miezi ya kujaa perege wametawanyika kwenye majani yaliyofunikwa na maji, hata mtumbwi wa kasia unatosha kwa sababu unavua mita chache kutoka nchi kavu. Miezi ya ukame samaki wamerudi kwenye mikondo ya zamani ya mto, huko ndani, na hapo ndipo suala la mashine na mafuta linapoanza. Juni na Julai zina shida zake: usiku ni baridi, na maji yakipoa perege hali vizuri mpaka jua lipande. Miezi hiyo sioni sababu ya kuamka saa kumi usiku. Saa tatu asubuhi inatosha.

Upepo ndio unaopanga siku. Kuanzia Juni hadi Novemba unavuma kutoka kusini mashariki, asubuhi umelala, saa nne unaamka, saa saba unarusha maji ndani ya mtumbwi. Ukuta wa bwawa uko upande wa mashariki na maji yametandaza kuelekea magharibi. Maana yake ukitokea mialo ya karibu na barabara, kwenda unasukumwa na kurudi unapigwa usoni. Wageni wengi hujipima mafuta kwa safari ya kwenda, wanasahau kwamba safari ya kurudi ni ndefu zaidi hata kama kilomita ni zilezile.

Simu ninayompigia mwenye mtumbwi siku mbili kabla ni fupi. Shikamoo au mambo kulingana na umri, kisha: nahodha, maji yameacha visiki vingapi nje? Mnatembea dakika ngapi kutoka mwaloni hadi mkondo? Jana upepo ulianza saa ngapi? Walioleta samaki jana walikuwa na perege au kambale? Mtu anayejua kazi atanijibu kwa namba, na mara nyingi ataniambia nisije wiki hii. Huyo ndiye ninayemrudia. Anayejibu "njoo tu kaka, samaki wapo kibao" bila kutaja chochote, hata akipunguza bei nusu, sisafiri.

Dalili ya pili ninaisoma barabarani. Ukishaipita Chipogolo, angalia masinia ya kina mama wanaouza samaki wa kukaanga kando ya lami. Masinia yakiwa na perege wapana kama kiganja na zaidi, mikondo ina samaki na maji ni safi. Wakiwa wadogo wa vidole vitatu, nyavu zimepita sana na utapata taabu kwa fimbo. Kambale wakiwa wengi kuliko perege, maji yamechafuka kwa tope. Hapo nabadilisha zana kabla sijafika. Ni ripoti ya bure, na mama ukimuita kwa adabu ukanunua samaki mmoja wa kula njiani, atakuambia pia wametoka upande gani.

Maji kuchafuka yakiwa chini ni kawaida: kina kimepungua, upepo unafika hadi sakafuni na kukoroga tope. Perege hutegemea macho zaidi, akishindwa kuona chambo hakili. Kambale anatafuta kwa sharubu na harufu, kwake giza si kitu. Perege ninamfuata kwa mshipi wa milimita 0.25, ndoana ndogo ya namba 8 au 10 (kwenye ndoana hizi namba ikipanda ndoana inapungua), boya dogo, na chambo cha nyungunyungu au donge la ugali uliokandwa na unga mkavu kidogo ili usiyeyuke. Kambale anataka mshipi wa milimita 0.40 na ndoana kubwa ya 4/0, na utumbo wa kuku uliokaa juani nusu siku. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha chambo, sinunui. Nafunga nati kuukuu ya boliti kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, kwa sababu Mtera imejaa miti iliyokufa wakati bwawa linajaa na bado imesimama majini. Nati ikinasa kwenye mzizi, uzi dhaifu unakatika, ndoana na samaki unabaki navyo. Ukifunga chubwi kwa mshipi uleule unaacha kila kitu kule chini, na siku ya visiki vingi unaweza kumaliza ndoana kumi kabla ya saa nne.

Sasa mtumbwi. Sisi huchanga watu wanne, na kwa wanne pamoja na nahodha nahitaji mtumbwi wa mbao wa mita saba hivi. Watu wawili wakae ncha mbili, wawili katikati wakiangalia pande tofauti, la sivyo mnavuana masikio. Nafika mwaloni mapema niukute kabla haujakaushwa: kiasi cha maji kilichomo asubuhi kinaeleza hali ya maungio kuliko maneno ya mwenyewe. Kikombe kimoja viwili ni jasho la mbao. Maji yakifunika mataruma, zile mbavu za ndani, pamba ya kalafati inayoziba maungio imeoza, na mawimbi ya saa saba yatamaliza kazi hiyo. Napitisha ncha ya ufunguo kwenye maungio ya chini, hasa karibu na mkuku, ule uti wa chini wa mtumbwi. Ukizama bila nguvu, naaga kwa heshima. Rangi mpya ya jana isikudanganye. Mara nyingine imepakwa kuficha hapohapo.

Kipimo cha uzito tunakifanya mita mbili kutoka ukingoni, wote tukiwa ndani na mizigo: kutoka maji hadi ukingo wa mtumbwi kubaki shubiri moja na nusu. Ikipungua, mtu mmoja anashuka au tunabadilisha mtumbwi. Bwawa likiwa shwari hata vidole vinne vinaonekana vinatosha, ndiyo maana kipimo hiki kinabishiwa sana asubuhi.

Mashine nyingi za huko ni za farasi 15 za mipigo miwili. Nataka iwashwe ikiwa ya baridi, mbele yangu. Nikimkuta nahodha ameshaiwasha "kuipasha moto", naomba izimwe tusubiri. Ikishika kamba ya tatu au ya nne, sawa. Ikifika ya kumi, hiyo hiyo ndiyo itakayokukatalia ukiwa katikati ya visiki na upepo umeanza. Ikishawaka naangalia kama inakojoa: uzi wa maji ya kupoozea utoke nyuma bila kukatika. Tope la ukame huziba njia hiyo, na mashine inayokwenda kavu kwa dakika chache inaunguza mpira wa pampu, kisha piston. Kijiti chembamba cha kuzibulia tundu kiwe ndani ya mtumbwi. Pamoja nacho plagi ya akiba, spana yake, na kamba inayofunga mashine kwenye ubao wa nyuma zaidi ya zile skrubu mbili za kubana. Pangaboi likigonga kisiki kwa kasi skrubu huachia, na bila kamba mashine inakwenda kulala na kambale.

Mafuta ndiyo sehemu kubwa ya gharama, kwa hiyo nayapigia hesabu mwenyewe. Mashine hiyo kwenye mtumbwi uliojaa, mwendo wa nusu, hula lita tatu hadi nne kwa saa. Ukiifungulia yote inakaribia mara mbili, na mwendo hauongezeki kwa kiasi hicho. Mkondo ulio kilomita sita ni kama lita mbili na nusu kwenda, nne kurudi dhidi ya upepo, moja na nusu ya kuhamahama. Jumla lita nane. Naongeza theluthi, tunaondoka na kumi na moja. Oili ni sehemu moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita, kwa hiyo lita kumi zinataka mililita 200. Napenda kuona inavyochanganywa. Oili ikizidi plagi inaloa na mashine inazimika kwenye mwendo mdogo. Ikipungua mashine inakufa kabisa. Petroli ya chupa ya mwaloni ni ghali na wakati mwingine ina mafuta ya taa. Tukienda na gari letu tunajaza dumu kituoni. Kwenye basi usithubutu, hairuhusiwi na ni hatari.

Hapa ndipo penye akiba ya kweli. Bei ya mtumbwi unaweza kuvutana nayo ukapata punguzo dogo na nahodha mwenye kinyongo. Ukichagua mwalo ulio kilomita mbili karibu zaidi na mkondo, hata kama ni kuvuka ukuta na kwenda upande wa Migoli, unapunguza karibu lita tatu, pamoja na ile theluthi ya akiba, bila kugombana na mtu. Njia nyingine tuliyoitumia maji yakiwa chini kabisa na mkondo ukiwa jirani ni mtumbwi wa kasia wenye wapigaji wawili: mwendo mfupi, hakuna mafuta, na hakuna kelele inayofukuza perege kwenye kina cha mita moja. Ila kwa kasia sivuki saa nne asubuhi nikiwa nje. Upepo ukiamka wapigaji hawaushindi.

Makubaliano tunayasema yote kabla ya kukanyaga mtumbwi. Bei ni ya chombo, si ya kichwa. Saa zinahesabiwa kuanzia kuondoka mwaloni, si kuanzia kufika. Mafuta tunalipa kwanza, iliyobaki tukirudi. Upepo ukituzuia kabla ya saa tatu, tunalipa nusu siku. Samaki ni wetu, nahodha anachukua kitoweo. Hili la mwisho lisiposemwa linaleta manung'uniko kuliko pesa. Na leseni ya kuvua kwa fimbo tunaikamilisha na ofisi ya uvuvi kabla ya safari, tukiuliza papo hapo kama bwawa limefungwa kwa uvuvi kipindi hicho. Uongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo, unapaswa kujua mpo majini.

Jaketi okozi ni moja kwa kila kichwa, limevaliwa, si la kukalia. Nabana povu lake kwa vidole: likibaki limebonyea, limekufa. Kwa muda mrefu nilikubali mitumbwi yenye majaketi mawili kwa watu watano, nikijiambia kina ni kifupi. Kina kifupi chenye tope hadi magotini hakikusaidii kusimama, na mamba wa Mtera wanapenda hapohapo. Kwa sababu hiyo pia hatushuki kusukuma mtumbwi uliokwama. Tunarudi nyuma kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia. Viboko nao maji yakipungua wanajazana kwenye mikondo ileile tunayoitafuta. Alfajiri wanarudi majini kutoka malishoni kupitia matete, kwa hiyo tunasubiri jua litoke ndipo tupite hapo, tukigonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili wajitokeze tuwaone. Kiboko aliyezama ghafla karibu yako ni sababu ya kuondoka, wala hahitaji kujadiliwa.

Kuegesha kuna kosa moja linalozamisha: nanga kufungwa nyuma. Mashine iko nyuma, uzito uko nyuma, wimbi linaingia kwa ubao wa nyuma. Nanga ifungwe mbele daima, na kamba iwe mara tatu ya kina au zaidi. Kwa mita nne, kumi na mbili si nyingi. Jiwe huburuzika kwenye tope laini, chuma chenye kucha kinashika. Kwenye visiki tunafunga mbele kwa fundo la kuvuta mara moja likafunguka, tena kwenye kisiki tulichokwisha kukitikisa kwa kasia. Kilichooza hudondosha tawi, na kilichojaa ndege aina ya minandi kinadondosha vingine.

Saa tano tunavuta nanga, hata kama samaki wanakula. Samaki tunawatumbua kabla ya kupanda gari, tunawapanga kwenye sanduku la barafu lenye chupa za maji za lita moja na nusu tulizogandisha Dodoma, uzito wa chupa ukikaribiana na uzito wa samaki. Chupa hizo zikiyeyuka ndiyo maji ya kunywa ya safari ya kurudi, kwa hiyo msizitoboe.