Upande B

Ukitaka kujua mtu alipenda upande upi wa santuri wala huhitaji kumuuliza, we ichukue uielekeze dirishani tu. Upande uliopigwa sana umepauka, una ukijivu fulani, na pale mwanzoni kuna mikwaruzo ya mtu aliyekuwa anaweka sindano kwa pupa, pengine taa zimezimwa na watu wameshaanza kushikana. Upande mwingine unakuta bado mweusi unang'aa. Nimekaa na hizi santuri za marehemu mjomba, zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zenye tundu kubwa katikati, ambazo usipokuwa na kile kidude cha plastiki cha kuweka pale kati sahani inayumba na mwimbaji anaanza kuimba kama mlevi, na kilichonishangaza ni jinsi nyingi zilivyochakaa upande ambao haukupangwa uchakae. Maana kwa hesabu za kampuni upande A ndio wimbo, ndio unaopelekwa redioni na kutangazwa. Upande B ni wa kujazia tu, sahani ina pande mbili na mmoja huwezi kuuacha mtupu.

Sasa chukua hii ya Bill Withers ya 1971. Upande A umeandikwa "Harlem". Nani anaijua Harlem? Hata wanaojidai wazee wa zilipendwa ukiwauliza wanakuangalia tu. Geuza upande wa pili, "Ain't No Sunshine", hapo hata mtoto wa juzi atakuimbia, japo hajui ni ya nani. Kampuni iliiweka kule nyuma, madijei wa redio za Marekani ndio walioigeuza, wakaipiga wakaipiga mpaka ikafika namba 3 kwenye chati za Billboard, na 1972 ikachukua Grammy ya wimbo bora wa R&B. Wimbo wenyewe ni dakika mbili na ushee tu, umeisha kabla chai haijapoa.

Na huyu Withers hakuwa msanii kijana aliyeokotwa kwenye shindano la vipaji. Alizaliwa 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, akaingia jeshi la majini akakaa miaka 9, akatoka, akahamia Los Angeles, akaajiriwa kiwandani wanakotengeneza vyoo vya ndege za Boeing 747. Ndio, vyoo. Ile picha ya jalada la albamu yake ya kwanza, "Just As I Am", amesimama nje ya kazini mkononi ana kijisanduku cha chakula cha mchana, na sio maigizo, ndo kazi aliyokuwa anafanya wakati huo. Alikuwa ameshapita miaka 30, hajaamini kwamba muziki utamlisha, kazi hajaiacha. Wimbo ulipouza kampuni ikamzawadia kiti cha choo cha rangi ya dhahabu. Mi hiyo zawadi naipenda kuliko hiyo Grammy.

Ila kitu ninachorudia kusikiliza ni pale katikati, anapoacha mashairi na kuanza kusema najua, najua, najua, kwa kile Kiingereza chake, mara 26 (watu wameshahesabu, sio mimi). Ukweli ni kwamba pale alikuwa hajamaliza kuandika. Alikuwa amepanga aje aweke ubeti mwingine, wanamuziki waliokuwa naye studio wakamwambia acha hivyohivyo. Na wanaomwambia sio watu wa mchezo, prodyuza ni Booker T. Jones, kwenye ngoma yupo Al Jackson, kwenye besi Duck Dunn. Akawasikiliza. Ukiweka headphone utasikia ngoma imebaki peke yake na yeye, hapumui, kila najua inaisukuma nyingine, mpaka ukiwa unaendesha gari unajikuta na wewe umebana pumzi. Kwa hiyo kipande maarufu kuliko vyote kwenye wimbo huo ni nafasi ya ubeti ambao haukuandikwa, ndani ya upande ambao haukutakiwa kupigwa. Hapo huwa nacheka mwenyewe.

Hii santuri ilimfikiaje mjomba, hadithi zinatofautiana kutegemea unamuuliza shangazi gani. Ninaloamini mimi ni kwamba aliletewa na rafiki yake wa melini kupitia Mombasa. Mjomba alikuwa Tanga, na Tanga ya wakati ule ilikuwa na raha zake, Atomic Jazz wapo, Jamhuri Jazz wapo, halafu redio ukizungusha kidogo unamkamata Sauti ya Kenya. Huku Dar mwishoni mwa 1969 wakubwa walipiga marufuku muziki wa soul kwenye madansi, eti unaharibu vijana, pamoja na mambo ya vimini na suruali za kubana. Mjomba mwenyewe alikuwa na afro na suruali pana chini, picha zipo, kwa hiyo sina shaka alikuwa ndiye kijana anayezungumziwa. Mama anasema soul alikuwa anaipiga chumbani, sauti chini, na wageni wakija anaweka dansi la Mbaraka Mwinshehe.

Nyingine ya kugeuzwa ni ya Rod Stewart, "Maggie May", hiyo nayo ya 1971. Upande A walikuwa wameweka "Reason to Believe", wimbo mzuri tu wa Tim Hardin, na Maggie May ikatupwa nyuma kwa sababu ni ndefu, inapita dakika tano, na haina kiitikio cha watu kuimba pamoja. Madijei wakageuza tena. Oktoba ya mwaka huo ikawa namba 1 Uingereza na Marekani kwa pamoja, wimbo na albamu yake. Mi huyu Rod simpendi kihivyo, ile sauti ya mtu aliyekunywa mchanga inanichosha nyimbo zikishafika tatu, ila kuna kitu kwenye ile albamu kinaniuma. Pale mwishoni panapolia mandolini, kipande kitamu mno, aliyepiga ni Ray Jackson wa bendi ya Lindisfarne, na kwenye jalada wameandika kwamba aliyepiga mandolini ni yule mpiga mandolini wa Lindisfarne, jina lake limenitoka. Yaani jamani. Umepata namba 1 pande zote mbili za Atlantiki na jina la mtu limekutoka, simu si zilikuwepo?

Ya Carl Douglas ile ya kung fu, 1974, naipita haraka, nayo ilirekodiwa iwe upande B, dakika kama kumi za mwisho studio, prodyuza wake Biddu, Mhindi wa Bangalore, akaona ni utani tu. Hiyo angalau mabosi wa kampuni waligeuza wenyewe kabla haijatoka.

Lakini baba yao wote ni Manu Dibango. 1972 Kameruni walikuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, la 8, na huyu mpiga saksafoni wa Douala akapewa kazi ya kutunga wimbo wa mashindano. Akatunga. Upande A wimbo wa mashindano, wa heshima, wa kushangilia timu ya taifa. Upande B akajiwekea cha kwake, "Soul Makossa". Kameruni ikatolewa nusu fainali na Kongo Brazzaville, 1-0, wale Kongo wakaenda kubeba kombe lenyewe mbele ya Mali, na wimbo wa kushangilia timu iliyotolewa nyumbani kwake unajua mwenyewe unakuwaje wiki inayofuata. Ulikufa pale pale. Upande B ndio ukaanza kusafiri. Dijei mmoja wa New York, David Mancuso, akaikuta nakala kwenye duka la santuri la Wakaribea kule Brooklyn, akaanza kuipiga kwenye sherehe zake za nyumbani, watu wakachanganyikiwa, mtangazaji Frankie Crocker akaipeleka redioni, na santuri hazipo! Mji mzima unaitaka na nakala ni za kuhesabu. Bendi zikaanza kuinakili harakaharaka ziuze kabla ya mwenyewe, mpaka kampuni ya Atlantic wakanunua haki wakaitoa rasmi, na 1973 ikaingia namba 35 kwenye chati za Marekani. Wimbo wa Kameruni, wenye maneno ya Kiduala, kwenye chati moja na kina Stevie Wonder. Miaka kumi baadaye kile kiitikio cha ma-ma-ko ma-ma-sa kikatokea kwa Michael Jackson kwenye Thriller, mzee akaenda kudai chake, wakamalizana kwa pesa. Halafu 2007 Rihanna naye akakitumia. Mwanangu anadhani ni cha Rihanna. Nimeshaacha kubishana naye.

Ajabu ni kwamba hizi za kwetu ukizielekeza dirishani hadithi inabadilika. Zimechakaa pande zote mbili sawasawa. Nilifikiri mwanzo ni kwa sababu mjomba alizipenda zaidi, ila sababu ni ya kiufundi. Nyimbo za dansi ni ndefu, hazikai kwenye upande mmoja wa 45, kwa hiyo zilikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, Wakongo hivyohivyo, Franco hivyohivyo. Upande A unapewa kisa, nani kamwacha nani, nani kapewa limbwata, sauti zinapanda pamoja, halafu ukiwa umeshanogewa inafifia. Unanyanyuka, unageuza, unarudi kwenye kiti na ndo magita yanaanza kuchachamaa. Kwa Wakongo sebene iko kule. Kwa hiyo mtu wa huku hakuhitaji dijei wa Marekani kumfundisha kugeuza santuri, asipogeuza hajacheza.

Nina moja ya Morogoro Jazz kipindi cha Mbaraka Mwinshehe, kabla hajaondoka 1973 kwenda kuanzisha Super Volcano, na lebo yake upande mmoja imefutika kabisa kwa vidole. Hawa walikuwa wametoka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, gita la Mbaraka lilikuwa limeshika nchi. Na bado sahani zenyewe zilikuwa zinachapwa Nairobi, Tanzania kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, muziki unarekodiwa huku unavuka mpaka kisha unarudi kwa basi ukiwa kwenye bahasha ya karatasi. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Mama anasema siku hiyo mjomba hakuongea na mtu, na Mama sio mtu wa kutia chumvi.

Withers aliwahi kuja upande huu wa dunia, hilo wengi hawalijui. Septemba 1974, Kinshasa, lile tamasha la Zaire 74 lililopangwa liende pamoja na ngumi za Ali na Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa mpaka 30 Oktoba, muziki ukaendelea bila ngumi. Jukwaa moja yupo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz na bendi ya Fania All Stars, Franco na OK Jazz wakiwa nyumbani kwao, Tabu Ley, na katikati ya shangwe zote hizo anatoka Withers na gita lake anaimba wimbo wa taratibu wa mtu aliyeachwa anayemtakia heri aliyemwacha. Video ipo. Uwanja umejaa watu waliokuja kurukaruka na yeye anaimba kama yuko sebuleni kwake.

Katikati ya miaka ya 80 akaacha muziki kabisa, akachoka kuambiwa na makampuni aimbe nini. Manu yeye hakuacha, alipiga saksafoni mpaka mwisho. Manu alifariki Ufaransa 24 Machi 2020, korona, na Withers akafuata 30 Machi, moyo. Siku sita. Wiki ile sote tulikuwa ndani tunanawa mikono na kila nikifungua simu ni mmoja wao.

Leo jioni nikaona niwatendee haki hawa wa upande A, nikaiweka ile Harlem, upande unaong'aa. Inaanza chini, gita na mguu tu, halafu kila ubeti sauti inapandishwa ngazi moja, inapanda tena, jumamosi usiku inakuja, joto la kiangazi, baridi ya nyumba ambayo hita yake haipati moto, na yeye anazidi kupandisha mpaka unajiuliza ataishia wapi. Nimeipiga mara mbili mfululizo. Ningekuwa ndiye bosi wa ile kampuni 1971, na sahani mbele yangu, naapa ningeiweka hiyohiyo mbele.