Nile kule Jinja, kwa watu wangu wa Moshi mnaoniuliza

Tangu niweke zile picha za Jinja, Uganda, tukishuka maporomoko ya Nile kwa rafti, ile boti ya mpira ya kujazwa upepo, watu wananiuliza swali lilelile, hivi hukuogopa kufa? Niliogopa ndiyo, lakini niwaambie ukweli, naogopa zaidi mto wetu Weruweru ukijaa masika.

Nile pale inatoka Ziwa Victoria, maji mengi na kina kirefu, kwa hiyo ukitupwa nje ya rafti unazama kidogo, laifu jaketi inakurudisha juu na mara nyingi chini hakuna cha kukugonga. Mito yetu ya kutoka mlimani ni myembamba, imejaa mawe na magogo, halafu maji yanapanda ghafla kwa sababu mvua imepiga huko juu wakati nyie huku chini mnaota jua. Wimbi kubwa linatisha macho tu, balaa lenyewe ni mguu kunasa kwenye mawe huku maji yanakusukuma kwa nyuma. Ndo maana tuliambiwa ukianguka usijaribu kusimama, lala chali, miguu itangulie na vidole vionekane juu ya maji, tulia hivyo mpaka mkondo upoe.

Na hayo tuliyafanya kwanza kwenye maji yaliyotulia, mwongozaji akapindua rafti makusudi wote tukaingia majini. Nilimpenda kwa hilo. Kwenye kasia alikuwa mkali kweli, kile kishikio cha juu chenye umbo la T usikiachie hata iweje, maana rafti ikiruka kinaweza kumng'oa mwenzako meno. Kampuni ikitaka kuwapeleka moja kwa moja kwenye maporomoko bila mazoezi hayo, shukeni, hela irudi isirudi shukeni tu.

Halafu kuna pale maji yanapopita juu ya mwamba yakadondoka, mbele yake yanajikunja kurudi yalikotoka, rafti ikiingia kinyonge inashikiliwa humo inazungushwa, sasa mwongozaji anapiga kelele mbele! mbele! na inabidi mpige kasia wote kwa pamoja wakati wimbi linawajia usoni na mwili mzima unataka kujificha chini.

Maporomoko ya Itanda, sehemu mbaya kabisa, wa rafti tunashuka tunapita kwa miguu, wanabaki mafundi wa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja.

Kinachoniuma ni mabwawa. La Bujagali lilikamilika 2012 likameza maporomoko ya Bujagali yenyewe, 2019 likaja Isimba likafunika mengine. Umeme tunauhitaji wote, najua, ila mwenye nia aende sasa. Basi la Arusha–Kampala linapita Nairobi, unashuka Jinja kabla ya kufika Kampala. Kabla ya kulipa ulizeni kama rafti inasindikizwa na kayaki za uokoaji, kwetu dada mmoja alitupwa mbali sana na kabla hatujamaliza kumwita jina alishashika pua ya kayaki anavutwa.