Kuonja saida ya shambani ya Kifaransa kwenye joto la Kisumu

Saida, yaani pombe ya matufaha, nyingi tunazokunywa katika baa za Kisumu na Nakuru huwa zimechujwa, zikapashwa moto ili hamira ife, kisha zikatiwa gesi kwa mashine. Ukiiweka chupa kwenye rafu miezi sita, utaikuta vile vile. Saida ya shambani kutoka Normandie au Bretagne, mikoa ya Ufaransa, haiko hivyo. Ndani ya ile chupa nzito yenye kizibo na waya mna hamira hai, na mna sukari ambayo hamira hiyo haikuimaliza. Aliyekulia Magharibi mwa Kenya ataelewa upesi: busaa ya jana si busaa ya leo. Hii nayo ni hivyo, ila inabadilika polepole na imefungiwa.

Jinsi ya kuihifadhi, kuifungua na kuionja vyote vinatokana na hilo moja, kwamba kazi haijaisha ndani ya chupa. Kwa hiyo tuanzie kule inakotengenezwa.

Matufaha ya saida si yale tunayonunua kando ya barabara. Ni madogo, magumu, mengine machungu kiasi cha kutema. Wakulima huyagawa kwa ladha: matamu, matamu-machungu, machungu, na yenye uchachu. Majina kama Bisquet, Bedan, Frequin Rouge, Kermerrien na Marie Ménard utayaona kwenye lebo. Huanguka chini ya miti kati ya Septemba na Desemba, mara nyingi kwenye majani ambako ng'ombe walikuwa wakilishwa, kisha hukaa wiki kadhaa yakomae. Husagwa, machicha yakaachwa yapumzike saa chache ili maji yapate rangi, halafu hukamuliwa.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, na ufundi wenyewe ni kuitia hamira njaa. Maji ya matufaha huwekwa kwenye pipa mahali pa baridi, karibu nyuzi 10 za selisiasi au chini yake. Kimeng'enya cha tunda lenyewe hubadilisha pektini, ile inayogandisha jemu, nayo hushikana na kalisiamu ikawa kama jeli. Mapovu ya kwanza ya uchachu huinyanyua jeli hiyo hadi juu, ikatanda kama kofia ya kahawia; Wafaransa huiita chapeau brun. Kofia hiyo hupanda na sehemu kubwa ya hamira na ya chakula chake, hasa nitrojeni. Chini yake hubaki maji maangavu, na hayo ndiyo mkulima huyavuta kwa mpira hadi pipa jingine. Hamira iliyobaki ni chache na haina cha kula zaidi ya sukari, hivyo inachachua kwa miezi badala ya wiki, na inachoka kabla sukari haijaisha. Utamu uliomo haukuongezwa na mtu. Ni utamu wa tufaha lenyewe uliosazwa.

Joto likipanda kabla kofia haijakaza, uchachu huamka kwa nguvu, jeli inapasuka, povu jeupe linafurika, na mkulima anaishia na saida kavu, yaani isiyo na utamu, kama nyingine yoyote. Ndiyo sababu hii si kazi ya kujaribu Kisumu bila chumba cha baridi.

Mkulima hupima uzito wa maji kwa haidromita. Maji yaliyoanza kwa 1.055 (maji matupu ni 1.000) akiyatia kwenye chupa yakiwa 1.020, yameshuka pointi 35. Kila pointi 10 ni kama asilimia 1.3 ya alkoholi, kwa hiyo hapo pana takriban asilimia 4.5. Ndani ya chupa hushuka tena kidogo, na gesi inayotoka huko ndiyo povu lake. Kwenye lebo, doux ni tamu na haizidi asilimia 3 ya alkoholi, brut ndiyo kavu zaidi, na demi-sec iko katikati. Tusker ya kawaida ni 4.2, kwa hiyo anayetarajia ukali wa mvinyo ajue mapema kwamba hatoupata.

Sasa ilete chupa hiyo Kisumu, mji ulio karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako chumba cha nyuzi 28 mchana ni jambo la kawaida. Gramu 4 za sukari katika lita moja, zikichachuka ndani ya chupa iliyozibwa, huongeza takriban bar 1 ya shinikizo. Demi-sec huwa na gramu 30 hivi kwa lita. Hamira iliyodumaa kwenye nyuzi 10 ikiamshwa na joto ikala gramu 12 tu, umeongeza bar 3 juu ya zile zilizokuwamo. Chupa za aina ya shampeni zimetengenezwa kuhimili shinikizo kubwa, lakini povu litakalokupiga usoni ukifungua halingoji chupa ipasuke. Kisumu, weka kwenye friji tangu siku ya kwanza, chupa ikiwa imesimama. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, baridi ya usiku inakusaidia: sakafu ya saruji, kona yenye giza, mbali na jiko na dirisha la jua, inatosha kwa wiki chache. Ukisafirisha kutoka Nairobi, safiri usiku, na usiziweke kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani. Chupa zikifika zimetikisika, zipe siku mbili kwenye friji zikiwa zimesimama, mashapo yatue.

Kabla ya kufungua chochote, fundisha ulimi. Hatua hii watu huiruka, nami naiona kuwa ya lazima kuliko glasi nzuri, kwa sababu saida hizi zinasimama juu ya mambo matatu ambayo mdomo usiozoea huyachanganya. Andaa majagi matatu. La kwanza, lita 1 ya maji na gramu 40 za sukari, yaani vijiko 10 vya chai vilivyosawazishwa: huo ndio utamu wa doux. La pili, lita 1 ya maji na mililita 60 za maji ya ndimu, ambavyo ni vijiko 4 vya mezani: huo ni uchachu, ingawa asidi ya tufaha ni ya aina nyingine na ni laini kidogo. La tatu, nusu lita ya maji yaliyochemka na gramu 10 za majani ya chai ya Kericho, yakae dakika 8, uchuje, usitie maziwa wala sukari, yapoe. Hiyo ndiyo tanini.

Onja la tatu kwa makini. Utapata vitu viwili: uchungu, unaokaa nyuma ya ulimi, na ukakasi, ule wa ndizi mbichi au pera lisiloiva unaokausha ufizi na kushika mashavu. Saida ya matufaha machungu ina vyote viwili, na saida nzuri ina ukakasi laini, wa kama kitambaa, si wa kukwaruza. Kisha changanya kiasi sawa kutoka majagi yote matatu kwenye glasi moja. Utashangaa: utamu umefunika uchachu, ukakasi umekata utamu, na hakuna kilichozidi. Ongeza chai kidogo, kisha sukari kidogo, usikie mizani inavyohama. Mkulima anafanya hivyo hivyo anapochanganya matufaha yake.

Chupa moja ya mililita 750 inatosha watu kumi wakionja mililita 70 kila mmoja. Chupa nne kwa kikao kimoja ni nyingi vya kutosha. Ukizidisha, tanini hurundikana mdomoni na kila kitu kinakuwa kama chai. Glasi iwe imebana kidogo juu, iliyosuuzwa vizuri, maana mabaki ya sabuni huua povu. Bretagne hunywea bakuli dogo la udongo liitwalo bolée, na mezani ni jambo la kupendeza, ila kwa kuonja halifai: huoni rangi, na harufu inapotea.

Joto la kinywaji liwe nyuzi 10 hadi 12. Mchana wa Kisumu, itoe kwenye friji ikiwa nyuzi 6 tu, kwa kuwa glasi itapanda yenyewe ndani ya dakika chache. Weka karai chini. Legeza waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, shika kizibo, kisha zungusha chupa, si kizibo. Ukisikia kinasukuma kwa nguvu, kizuie, acha gesi itoke kwa mluzi mwembamba, hata ikichukua dakika tano. Chupa inayofurika huwa ina moja kati ya matatu: ina joto, mashapo yamevurugika, au imechachuka zaidi ya ilivyokusudiwa. Mawili ya kwanza hutibiwa kwa siku moja ya baridi kali. La tatu halina dawa, lakini kinywaji chenyewe huenda kikawa kizuri tu, kikavu kuliko lebo inavyosema. Mimina glasi zote kwa mkupuo mmoja bila kuirudisha chupa wima kila mara, la sivyo mashapo hupanda.

Anza na poiré, saida ya peasi. Ile ya Domfront ina hadhi ya AOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, tangu 2002, na angalau asilimia 40 ya peasi zake lazima ziwe za aina ya Plant de Blanc. Ni nyepesi, ina harufu ya maua, na ukiinywa baada ya nyingine hutaisikia. Peasi zina sorbitoli, sukari ambayo hamira haiwezi kuila, ndiyo maana hata poiré kavu huacha utamu mwembamba. Nayo sorbitoli ikizidi hulegeza tumbo, kwa hiyo usiwape wageni chupa nzima nzima. Fuatisha saida ya matufaha ya Cotentin, iliyopata AOC mwaka 2016, ambayo aghalabu ni kavu. Halafu Pays d'Auge, yenye tunda lililoiva na mwili mnene, na Cornouaille ya Bretagne, yenye uchungu na rangi ya machungwa. Hizi mbili zilipata AOC mwaka mmoja, 1996. Ukiwa na doux, imalizie.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi. Piga funda dogo, lishike kama sekunde tano, meza, kisha ngoja: ukakasi huja ukiwa umechelewa. Kati ya glasi na glasi, maji na kipande cha ugali mkavu usio na chumvi. Mkate una chumvi na sukari yake. Ugali hauna lake. Acha kidogo kwenye kila glasi uirudie baada ya dakika 20, gesi ikiwa imepungua, kwa kuwa povu huficha kasoro.

Kasoro zenyewe zinafaa kujulikana kwa pua. Harufu ya zizi, ngozi, moshi au karafuu, ikiwa kidogo, ni sehemu ya saida ya shambani, na anayependa mursik iliyokolea mkaa hatasumbuka nayo. Ikilifunika tunda, ni kasoro. Harufu ya rangi ya kucha na ukali wa siki kooni ni bakteria waliopata hewa. Saida iliyogeuka nyeupe kama maziwa na kunuka ganda la ndizi imepatwa na ugonjwa ambao Wafaransa huuita framboisé, unaoshika saida yenye asidi chache. Nyingine hutoka chupani ikivutika kama mrenda: bakteria wametengeneza ute. Haina madhara, na ukiipiga kwa mchapo kwenye jagi ute hukatika, ingawa povu nalo linapotea.

Kasoro ngumu kuliko zote ni ya panya. Puani hakuna kitu. Unameza, na sekunde kumi baadaye mdomo mzima unanuka kizimba cha panya. Asidi ya saida ndiyo inayoificha, hadi mate yaipunguze. Ukishuku, yeyusha chembe ya magadi, haya haya ya kupikia mrenda, kwenye kijiko cha maji, tia matone mawili kwenye kijiko cha saida, unuse. Ikiwa ipo itajitokeza. Wapo wasioisikia kabisa, kwa hiyo msibishane mezani.

Kwa chakula, brut na ngege wa kukaanga ni ndoa halali: gesi na tanini hukata mafuta. Omena wana uchungu wao, uchungu juu ya uchungu hauliki, wape demi-sec. Ingokho ya mchuzi, demi-sec vile vile. Cornouaille inaiweza nyama choma. Palipo na pilipili nyingi, chukua doux pekee, maana gesi na ukakasi huongeza moto.

Kilichobaki, kizibe na ukirudishe kwenye friji. Siku ya pili bado kinanyweka, siku ya tatu povu limekwisha. Hapo kimimine kwenye chupa ya mdomo mpana, funika kwa kitambaa safi, weka kabatini. Kwa joto la Kisumu, baada ya wiki kadhaa utakuwa na siki ya matufaha ya kutia kwenye kachumbari.