Kuficha nyaya za gia za umeme ndani ya fremu iliyotengenezwa kwa gia za kebo

Kwa Di2, yaani gia za umeme za Shimano, za spidi 12 za baiskeli za barabara zilizoanza kutoka 2021, kazi yote ya kuficha nyaya iko nusu ya nyuma ya baiskeli. Leva, vishikio vya usukani vya kubadilishia gia, huwasiliana bila waya kwa betri ndogo za CR1632, kwa hiyo bomba la chini halipitishi waya wa gia tena. Matundu yake ya mbele unayaziba kwa vizibo vya mpira. Zinabaki nyaya mbili tu, zote zikianzia kwenye betri iliyo ndani ya nguzo ya kiti: moja ya deraila (kifaa kinachohamisha mnyororo) ya mbele, nyingine ya deraila ya nyuma. SRAM eTap, gia za umeme za kampuni shindani, ambayo betri zake zimekaa kwenye deraila zenyewe, haihitaji lolote kati ya haya.

Ikague fremu kabla ya kununua chochote. Toa nguzo ya kiti na krenki, kisha mulika tochi kutoka juu. Mwanga usipotokea kwenye tumbo la krenki, yaani sehemu ya fremu ambamo ekseli ya krenki hupita, bomba la kiti limezibwa chini na waya wa nyuma hauna njia. Angalia pia kebo ya deraila ya mbele ilikuwa inatokea wapi. Ikiwa ilitokea chini ya tumbo la krenki, waya wake nao utatokea hapo na kipande chake kitaonekana. Kwenye kaboni, kubali kipande hicho kionekane. Kutoboa tundu jipya hukata nyuzi zinazobeba uzito na kufuta dhamana ya fremu, na hakuna urembo unaostahili hasara hiyo.

Pima kwa uzi, si kwa macho. Pitisha uzi njia ileile ya waya, kutoka mwisho wa betri hadi kwenye deraila, kisha ongeza angalau milimita 70 ili nguzo iweze kutolewa bila kung'oa plagi. Uzi ukitoa 780, chukua waya wa 850. Mfupi utakwama, na mrefu kupita kiasi utajikunja kwenye tumbo la krenki, mahali pabaya kuliko pote. Hakikisha nyaya ni za aina ya SD300. Plagi za SD50, za kizazi kilichotangulia, ni kubwa zaidi na haziingii.

Kosa linalopoteza muda mwingi ni kuchomoa kebo ya zamani kwanza. Kabla ya kuigusa, telezesha juu yake kijibomba chembamba cha plastiki kutoka deraila hadi tumbo la krenki, ndipo uivute kebo. Kijibomba kinabaki kama njia. Pitisha uzi imara ndani yake, ondoa kijibomba, funga uzi nyuma ya plagi kwa utepe mwembamba, halafu vuta taratibu huku mkono mwingine ukisukuma waya. Ukikwama, usivute kwa nguvu: rudisha sentimita mbili, zungusha, jaribu tena. Mara nyingi kinachozuia ni kichwa cha nati ya kishikilia chupa kilichojitokeza ndani ya bomba. Kama kebo imeshatoka, ingiza uzi kwa mashine ya kufyonza vumbi, au tumia waya wenye sumaku. Sumaku hufanya kazi vizuri kwenye kaboni na alumini; kwenye fremu ya chuma hung'ang'ania ukuta wa bomba.

Ndani ya tumbo la krenki, nyaya lazima zipite nje ya kifuko cha plastiki kinachozunguka ekseli. Ekseli inayogusa waya itaula kidogokidogo, na siku moja gia zitakata ghafla. Rudisha kifuko, zungusha krenki kinyumenyume kwa mkono na usikilize.

Kelele ndani ya bomba huharibu kazi nzuri. Visha waya kifuko cha sponji, au funga kamba za plastiki kila milimita 100 hivi bila kukata mikia yake, kila mkia ukielekea upande tofauti. Mikia ndiyo inayoshikilia waya katikati ya bomba. Betri nayo ikazwe ndani ya nguzo kwa kishikizo cha kipenyo sahihi, kamwe si kwa gundi. Itabidi itoke siku moja.

Usifunge chochote kabla ya kujaribu. Chaji betri hadi ijae, sukuma kila plagi mpaka isikike ikibofya, unganisha leva kwa programu ya E-Tube Project Cyclist, kisha badilisha gia zote huku nyaya zikiwa bado zinafikika. Mfumo usipoitika, anza na plagi zilizoingia nusu kabla ya kulaumu kifaa. Deraila ya nyuma hukazwa kwa 8 hadi 10 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na ya mbele kwa 5 hadi 7. Ya mbele ina skrubu ya kuegemea bomba la kiti. Bandika kwanza kibati chake, maana mota inasukuma kwa nguvu za kutosha kuchimba kaboni.

Tundu la kuchajia liko kwenye deraila ya nyuma, kwa hiyo betri haitolewi kila mara. Ikikaribia kuisha, deraila ya mbele hugoma kwanza na ya nyuma huendelea kwa muda. Ukiona hivyo chaji kwanza, kabla ya kufungua fremu ukitafuta waya uliokatika.